Gari la Baba, Gari la Bosi

2 Machi

Leo nimelinunua. Nimebonyeza kitufe kwenye simu, kisha nikakaa juu ya kopo tupu la rangi. Landrova ya zamani, ya kijani, yenye turubai juu, imelala miaka mingi kwenye ghala la shambani huko ng'ambo. Pesa iliyolinunua ilikuwa ya paa la gereji. Mvua ziko njiani, na mimi ni fundi rangi ninayefanya kazi chini ya mabati yaliyotoboka. Najua watakavyonisema.

Naandika nyuma ya daftari la kuchanganyia rangi kwa kuwa sina wa kumwambia. Kaka akisikia atapandisha hasira. Fundi wangu wa injini, tunayemwita Spana, nimemwambia nusu tu, akacheka mpaka akakohoa. "Dada fundi, wenzako wanatafuta pa kuutupa mkweche, wewe unauagiza kwa meli?"

Sababu ni moja. Baba aliendesha gari kama hilo ujana wake wote na utu uzima wake wote, akiwabeba wapima barabara. Sasa anasahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina ya watu, na mwaka jana akanisahau mimi. Kaka, anayeishi naye, baba humwita "fundi cherehani", na hilo angalau ni kweli. Mimi huniita "dada wa benki". Sijawahi kufanya kazi benki hata siku moja.

Lakini miguu na mikono yake haijasahau. Ukimkalisha kitini, mguu wa kushoto unatafuta klachi na mkono unaingiza gia hewani, bila kukosea. Nikawaza, tukimpa gari lenyewe, pengine mikono itamrudisha na mwenyewe. Nataka aniite mwanangu, hata mara moja, kabla hajaondoka. Basi, nimesema.

5 Machi

Kaka amejua. Aliambiwa na wifi, na wifi nilimwambia mimi. Nitamlaumu nani?

6 Machi

Nimekwenda kwa kaka kugombezwa, kuliko kungoja anifuate. Alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, na baba kwenye kiti chake pembeni, blanketi magotini.

"Ungejenga paa," kaka akasema bila kuinua kichwa. "Au ungeniletea godoro lisilolowa. Unajua nafua mashuka mangapi? Wewe unamnunulia mzee mwanasesere."

"Wewe unamtunza tu," nikamwambia. "Mimi nataka arudi."

"Harudi, mdogo wangu."

Akakanyaga cherehani kwa hasira, ikanguruma. Baba akakunja uso. "Wewe! Mlimani hukanyagi hivyo. Utaua injini."

Kaka akapunguza. Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wifi alikuwa mlangoni na beseni la nguo, akaanza kucheka, sote tukacheka, na ugomvi ukakatika hapo. Lakini nimerudi nyumbani na kinyongo. Kaka ni mtu wa kukata tamaa mapema. Alikuwa hivyo tangu shuleni.

11 Machi

Muuzaji amejibu. Ni mama mtu mzima, mjane, gari lilikuwa la mumewe. Simu inanitafsiria. Nilikuwa nimemwuliza maswali ya fundi wa bodi: anipigie picha za chini, za bawaba, za mikunjo ya bati, sakafu, kila mahali kutu hupenda kujificha. Amepiga zote, maskini, nyingine kidole chake kimeingia.

Naye ameniuliza moja tu: nani atakayeliendesha? Nikamweleza habari ya baba. Ameandika kirefu. Anasema mumewe mwaka wake wa mwisho hakuwa akienda nalo popote. Alikuwa akikaa tu ndani, humo humo ghalani, mlango wazi, mpaka aitwe kula. Anauliza kama alioshe kabla halijapakiwa.

Nimemjibu asijisumbue, usafi ni kazi yangu. Aniangalizie tu ile kutu chini ya mlango wa kushoto, imekwenda ndani kiasi gani.

16 Machi

Mvua ya kwanza. Tone limeangukia boneti la mteja nililolipiga rangi asubuhi. Nimeanza upya.

24 Machi

Limepakiwa melini. Mjane ametuma picha ya mwisho, gari likiingia kwenye tumbo la meli, matako yanaonekana. Nimempelekea baba picha. Akaitazama, akanirudishia simu kwa adabu. "Asante, dada. Mkopo nitaufikiria."

12 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Mvua. Spana ameweka ndoo saba chini ya matundu, anasema tunafuga maji.

20 Aprili

Baba alipotea. Alitoka wifi alipokuwa uani, na kaka amezama kwenye sare za watu. Tumemtafuta mtaa mzima kwenye matope. Alikuwa kituo cha mafuta, amesimama kando ya pampu, mikono nyuma, anangoja zamu yake. Wale vijana wa pampu wamemwachia asimame, mmoja amemshikia mwavuli. Kaka alifika peku, kandambili zimekatika njiani. Hakumgombeza. Alimwambia, "Tanki limejaa, dereva, tuondoke," na baba akamfuata.

Mimi nikasema, umeona? Anangoja gari. Litakapofika litamponya hili la kutangatanga. Kaka akamshika baba mkono. Miguu yake ilikuwa inatoka damu.

2 Mei

Meli imefika! Lakini gari liko bandarini, mimi niko nje ya geti, na kati yetu yuko wakala wa kutoa mizigo ambaye watu wote wanamwita Kesho. Ukimwuliza jina lake halisi naye anasema atakwambia kesho.

9 Mei

Mkaguzi amekataa. Magari yenye umri huo hayaruhusiwi kuingia. Kesho akamwelezea kwamba yaliyo mazee kabisa yanaruhusiwa, kama ya kumbukumbu. Mkaguzi akasema basi lithibitishwe kwamba ni zee kabisa. Asubuhi lilikuwa limezidi uzee, mchana likawa halijazeeka vya kutosha.

Nimemwandikia mjane. Usiku huu huu ametuma karatasi za mwanzo za gari, na juu yake picha yao ya harusi, yeye na mumewe wamekaa juu ya boneti, wembamba, wanacheka. Karatasi ndizo zitakazotumika. Lakini nimeitazama ile picha muda mrefu.

15 Mei

Siku njema kuliko zote. Niandike kabla sijalala.

Limetoka. Betri imekufa, magurudumu yamekwisha upepo, limepandishwa juu ya lori na kushushwa mbele ya gereji mchana, mvua ikiwa imepumzika. Chafu! Turubai limeota ukungu, viti vimechanika mpaka springi zinachungulia, panya wa ng'ambo wamejenga chini ya dashibodi. Ukisogea karibu unasikia harufu ya oili ya zamani, petroli, turubai bichi na vumbi lililolowa. Spana amelizunguka mara mbili. "Dada fundi, hili si gari, ni maiti iliyosafirishwa." Nikamwambia atafute jeki aache maneno.

Kaka akamleta baba, kamshika mkono. Wifi nyuma yao. Baba alikuwa anatembea hatua zake za siku hizi, za kuburuza. Kabla hajafika akasimama, akainua pua, akanusa. Akauachia mkono wa kaka. Akaenda mwenyewe mpaka mlango wa dereva, akaingiza mkono kwenye upenyo wa turubai, akafungua kwa ndani.

"Huu haufunguki kwa nje," akasema. "Wamekuja mafundi watatu, wote wameshindwa."

Akaupapasa usukani, akauzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, anasikiliza. Halafu akanigeukia. Alinitazama mimi, machoni, kwa macho yale ya zamani ya kuniharakisha shule.

"Mbona umesimama, mwanangu? Panda. Tutachelewa."

Wifi alijiziba mdomo. Mimi nililia wazi, sikuona haya. Baba akainua mguu aingie.

Nikawahi kumshika mkono. Kile kiti! Springi zimesimama, sakafu imeliwa na kutu, na uchafu wa panya kila mahali. "Bado, baba. Litakuchafua, litakuchoma. Nipe siku chache tu nilitengeneze. Nitakupa gari kama lilivyotoka kiwandani."

Akautazama mkono wangu uliomshika, kisha akashusha mguu. "Sawa, fundi," akasema.

Kaka akasema, "Mwache akae. Dakika moja tu. Tutandike gunia."

"Baba yetu? Kwenye mavi ya panya?" Hasira zilinipanda. Kaka hajawahi kuelewa kazi ya mtu. Yeye mwenyewe hawezi kumpa mteja suruali ambayo haijapigwa pasi, lakini baba yake apande takataka. Kaka akamchukua baba wakarudi nyumbani.

Si kitu. Limefanya kazi. Aliniita mwanangu, mbele ya mashahidi. Kama maiti ya gari imemrudisha nusu, gari zima litamrudisha kamili. Siwezi kulala kwa furaha.

16 Mei

Nimebomoa kila kitu leo leo ili niwahi. Milango chini, mabawa ya magurudumu chini, kioo chini. Spana ameshusha injini. Viti nimevichoma moto nyuma ya gereji pamoja na turubai, harufu ya panya haivumiliki.

18 Mei

Mvua. Puti niliyozibia matundu ya bati haikauki.

19 Mei

Mvua.

21 Mei

Baba amekuja tena na kaka. Huja kila siku baada ya chai. Husimama pale kwenye kizingiti, miguu yake nje, hakanyagi ndani. "Gari limepona?" Namwambia bado kidogo. "Pole na kazi," anasema, wanaondoka. Leo hakuna mwanangu, lakini sitarajii. Gari lenyewe halipo, kuna chasisi tu juu ya magogo.

25 Mei

Nimepiga rangi ya chini mapema, jua likiwaka. Mchana wingu likafunga, likamwaga. Maji yamepita kwenye matundu ambayo yangekuwa yamezibwa kama nisingelinunua gari. Rangi imepauka na kujaa vipele. Nimekwangua yote kwa msasa mpaka vidole vimechubuka. Spana alitaka kucheka akaniona uso, akaenda kununua maandazi.

28 Mei

Mjane ameandika. Mstari mmoja: je, baba yako ameshakaa ndani?

Nimemjibu bado, subiri uone litakavyokuwa, hutalijua. Nikamtumia picha ya bodi iliyokwanguliwa mpaka bati tupu, inang'aa. Ninajivunia ile picha. Kutu yote imetoka, mikunjo imenyooka, hakuna fundi mji huu angeweza. Hajajibu, ingawa ameiona.

4 Juni

Leo baba hakuuliza gari. Alisimama kizingitini, akamwuliza kaka, "Tumekuja kumfuata nani hapa?"

Kaka akanivuta pembeni. "Rudisha kiti kimoja. Kifunge kwenye chasisi hivyo hivyo, bila milango. Mpe usukani ashike."

"Viti nimechoma."

"Lini?"

"Siku ya pili."

"Na turubai?"

Niliinama kuokota msasa. Nilijua atapiga kelele, nikajiandaa nami nipige zangu: kuhusu kazi nzuri, kuhusu fundi asiyejua kulipua kazi. Hakupiga. Alisema tu, "Alikuwa anajua harufu, dada," akamshika baba mkono wakaondoka kwenye manyunyu. Afadhali angenitukana.

5 Juni

Sikufanya kazi.

6 Juni

Nimefanya kazi usiku na mchana. Nikisimama nafikiri.

10 Juni

Baba amelazwa. Mapafu. Manyunyu yale.

13 Juni

Nimekaa hospitali siku hizi, nikipokezana na wifi. Kaka hapokezani na mtu. Analala sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, kwenye kipande cha boksi. Baba ananiita "sista", anadhani mimi ni muuguzi. Nimezoea, au nasema nimezoea.

Nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu sikuwahi kukaa vya kutosha. Muuguzi alishindwa kumgeuza baba, alikaza mwili, akashika chuma cha kitanda, akataka kumpiga. Kaka akainuka sakafuni. "Dereva, kona hiyo. Kali. Shika usukani." Baba akakishika chuma kwa mikono miwili, akalalia upande mwenyewe, akageuka taratibu. Wakambadilishia shuka. "Sasa nyoosha. Barabara nzuri hii." Baba akanyoosha miguu.

Wakati wa kula: "Tunaongeza mafuta." Wakati wa kumwogesha: "Tunaosha gari, limetoka porini." Wakati wa kulala: "Egesha hapa. Vuta breki ya mkono." Na mkono wa baba ukavuta, akafumba macho.

Nikamwuliza kaka ameanza lini kumsemesha hivyo.

"Muda. Mwaka hivi. Ndiyo lugha iliyobaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huji, na ukija unakuja na dawa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na uzi na sindano, kumbe alikuwa akimalizia sare za watu hapo hapo sakafuni. Mtu huyu ndiye niliyemwandika humu kwamba anakata tamaa mapema. Mimi nimeagiza chuma kutoka ng'ambo nikitafuta kitu ambacho kaka alikuwa nacho mdomoni.

17 Juni

Ameruhusiwa. Mwepesi sana. Kaka alimbeba mgongoni.

20 Juni

Mvua zimeisha. Hakuna aliyetangaza, ila leo ndoo zote zimekauka na Spana amezigeuza viti.

Nimeamua kulimaliza. Sijui kingine cha kufanya. Huenda injini ikinguruma. Huenda usukani, maana usukani ni ule ule. Ninajua ninavyojidanganya na bado nachanganya rangi.

23 Juni

Nimepiga rangi ya mwisho. Kijani chenyewe. Imekaa bila doa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kupiga rangi ikakaa hivi, na sikusikia chochote.

26 Juni

Viti vipya, ngozi nyeusi. Turubai jipya, kaka ndiye aliyelishona. Alikuja mwenyewe kuchukua vipimo, hakusema neno la zamani hata moja. Spana amewasha injini, imeshika mara ya kwanza, majirani wamepiga makofi. Gari linanuka rangi na ngozi mpya. Nimesimama kando nikanusa na kunusa.

28 Juni

Tumempelekea gari mpaka nyumbani, kwa kuwa hawezi kutembea mbali. Spana aliliendesha polepole, watoto wa mtaa wakalikimbilia, watu wakatoka na simu kupiga picha. Likaegeshwa mbele ya mlango wa kaka, jua limelipiga, likameta lote.

Baba alitolewa kwenye kiti chake. Wifi alikuwa amemvalisha shati jeupe. Alipoliona alisimama. Akavua viatu.

"Baba, ni gari lako," nikasema. "Karibu, panda. Mlango uko wazi."

Akatikisa kichwa, akarudisha mikono nyuma, kama anavyosimama mtu mbele ya meza ya ofisi. "Hapana, hapana. Hili la bosi."

"Ni lako, baba. Landrova. Shika usukani."

Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye mlango. Akautoa haraka. Ilibaki alama ya vidole kwenye rangi. Akashtuka, akavuta mkono wa shati lake jeupe, akaifuta, akapulizia pumzi, akaifuta tena mpaka ikatoka. "Tusiliguse," akaninong'oneza. "Tutalipishwa."

Kaka akajaribu yale maneno yake. "Dereva, safari." Baba akamjibu kwa upole, "Si gari langu, fundi. Langu lilikuja lile, siku ile. Wamelipeleka wapi?"

Wifi aliingia ndani. Spana, ambaye hajawahi kukosa neno, alikwenda kusimama nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi. Baba akanigeukia, uso wake mwema kabisa.

"Na wewe dada, ndiye dereva wake?"

Nikasema ndiyo.

"Una bahati," akasema. "Litunze."

29 Juni

Nimemwandikia mjane. Nimemwambia yote, kwamba alishainua mguu nikamzuia. Nimemwuliza kama ghalani kumebaki chochote, hata kitambaa cha kufutia oili.

30 Juni

Amejibu. Hakuna, walisafisha ghala siku gari lilipoondoka. Amesema ananielewa. Amesema mumewe naye alikuwa anataka kukaa ndani ya gari hata siku za baridi kali, na zipo siku alimkatalia asije akapata homa, na kila moja ya siku hizo anaikumbuka. Hakunipa pole wala ushauri.

1 Julai

Baba amegoma kuingia ndani tangu juzi. Amejipa kazi ya kulinda gari la bosi. Kaka amemtolea kiti barazani, anakaa na fimbo, akimfukuza kila mtoto anayesogeza kidole. Anakula hapo hapo, jicho kwenye gari. Kaka anasema angalau hatangatangi.

2 Julai

Leo nimefanya wazimu. Niliamka nikachukua kopo la oili chafu, gunia kuukuu la gereji na kipande cha msasa namba nzito. Nilifika kwa kaka mchana, baba akiwa amesinzia kitini. Nikatandika gunia kwenye kiti cha dereva. Nikamwaga oili sakafuni, juu ya kazi yangu mwenyewe, nikachota udongo wa bustani ya wifi nikautupa juu yake. Nikanusa. Ilinuka oili na udongo, basi. Ndipo nikaanza kuukwangua mlango. Sijui nilitaka nini. Nilitaka uchakae. Nilikwangua mpaka rangi ikafunguka, likatokea bati jeupe kama urefu wa kiganja.

Nikashikwa kifundo cha mkono. Baba. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Dada! Unafanya nini? Gari la watu!"

Msasa ukanianguka. Nikaanza kulia, si kilio cha mtu mzima, kile cha kukosa pumzi. Kaka alitokeza dirishani, cherehani ikanyamaza. Nilimpungia mkono asije.

Baba aliutazama mkwaruzo, akanitazama mimi, uso ukamlegea. Alidhani naogopa kufukuzwa kazi. Aliuachia mkono wangu, akanipigapiga begani.

"Usilie. Bosi hajafika bado. Hili dogo." Akainama, akalipima kovu kwa kidole bila kuligusa. "Nina binti yangu, fundi rangi. Umemsikia? Mjini hapa hakuna kama yeye. Akishika hili, hata ukitafuta kwa tochi huoni palipokuwa na alama."

Nikamwuliza yuko wapi.

"Kazini. Siku hizi haji sana, kazi zimemzidi." Alilisema bila lawama, kama mtu anayemtetea mwenzake kwa wakubwa. "Lakini akisikia ni mimi, atakuja. Huyo hawezi kuniacha niaibike."

Akaokota msasa, akaukung'uta vumbi, akaniwekea kiganjani na kukifunga.

"Ukipita mjini umwambie," akasema. "Mwambie baba yake anamwita."

Nikasema nitamwambia.